Jeneza lilipitia wapi?

Ingia kaburi lolote la chini ya ardhi katika gemu za kifantasia, na kabla hujachomoa upanga tafuta jibu la swali moja: jeneza lilipitia wapi? Mara nyingi jibu halipo. Mlangoni kuna ngazi ya kuzunguka ambayo mtu mmoja huishuka kwa taabu. Mbele kuna daraja la kamba, kisha korido ya mikuki inayochomoka ukutani, na mwisho wa yote ukumbi wenye jeneza la jiwe ambalo wanaume ishirini wasingelisogeza. Nani alilifikisha pale? Wafiwa walivuka ile mikuki na maiti yao begani?

Kosa hili halitokani na uvivu. Mbunifu wa ramani anamwaza mtu atakayeingia mwisho, yaani mchezaji, ambaye tukisema bila kupamba ni mwizi wa makaburi. Anamsahau aliyeingia kwanza, aliyekuja kuzika. Ndiyo maana makaburi mengi ya gemu yana mifupa tele na hayana mazishi: hakuna pa kulitua jeneza, hakuna pa kusimama waombolezaji, hakuna dalili kwamba kuna mtu aliwahi kulia humo. Machache yanayokaa vichwani mwa wachezaji miaka na miaka ni yale ambayo mzikaji wake hakusahauliwa.

Tuanze na vipimo. Jeneza la mtu mzima lina urefu wa kama mita 2 na upana wa sentimita 70. Katika njia iliyonyooka, watu sita wakilibeba begani, watatu kila upande, wanahitaji mita 1.5 hivi. Kona ndiyo mtihani. Korido ikipinda kwa pembe mraba na upana wake ni uleule pande zote mbili, kitu kirefu kabisa kinachoweza kugeuka kikiwa kimelala hupatikana hivi: zidisha upana wa korido kwa 2.83, kisha toa upana wa kitu chenyewe mara mbili. Korido ya mita 1.2 inatoa 3.39 kasoro 1.4, yaani mita 1.99. Jeneza letu limekwama kwa sentimita moja. Korido ya mita 1 inatoa mita 1.43, na hapo hakuna la kufanya ila kulisimamisha wima, maiti ikiporomokea miguuni.

Sentimita moja hiyo ni zawadi kwa mbunifu anayejua kazi yake. Kona ya ndani ichongwe kidogo kwa patasi, kimo cha kiuno, na ukutani mkabala iachwe mikwaruzo ya mbao. Hakuna mchezaji atakayepiga hesabu, lakini jicho lake litajua kwamba hapa watu walipita na mzigo wakatukanana kwa sauti ya chini.

Ajabu ni kwamba korido za gemu kwa kawaida si finyu. Katika gemu zinazomwonyesha mhusika kwa nyuma, kamera hukaa mita 3 hadi 4 nyuma yake. Isipopata nafasi inagonga ukuta, inajisogeza mbele, na mchezaji anabaki kutazama kisogo cha shujaa wake huku akipigwa. Kwa hiyo korido hupanuliwa hadi mita 3 au 4, na jeneza lingepita hata likiwa limebebwa kwa ubavu. Linapokwama ni kwenye ngazi za kuzunguka, kwenye mashimo ya kuruka, kwenye vijilango vya kupenya kwa kuinama, yaani kila mahali palipowekwa mchezo. Dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuivumilia: chora kwanza njia ya jeneza, kutoka mlango mkuu hadi chumba cha mwisho, iwe pana na nyepesi kupitika kiasi cha kuchosha. Halafu iharibu. Dari iporomoke hapa, maji yajae pale, wezi watoboe ukuta kule. Mchezaji apite penye uharibifu huku akiiona njia ya zamani upande wa pili wa kifusi. Ukianza na vikwazo ukategemea kuitafutia njia ya jeneza baadaye, hutaipata.

Mfano ulio karibu na wengi ni Bleak Falls Barrow katika Skyrim, gemu iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011. Ni kaburi la kwanza kubwa ambalo wachezaji wengi huingia, na limefundisha kizazi kizima namna kaburi linavyosomwa. Ndani kuna nguzo tatu za kuzungusha zenye picha za wanyama, na lango lililofungwa. Jibu ni nyoka, nyoka, nyangumi. Ukivuta wenzo kabla ya kuzipanga sawasawa, vishale vya sumu vinakumwagikia. Jibu lenyewe limechongwa juu ya lango, mbele ya macho, ila sura ya katikati imeanguka na iko sakafuni. Kazi yote imefanywa na huko kuanguka. Zamani hakukuwa na fumbo: aliyekuja kuzika aliinua macho, akaona picha tatu, akazungusha nguzo, akapita. Kilichogeuza maelekezo kuwa fumbo ni jiwe moja kudondoka.

Endelea mbele, baada ya utando wa buibui na mwizi mmoja aliyenaswa humo akiwa na ukucha wa dhahabu, ambao ndio ufunguo wa mlango ulio mbele. Kabla ya chumba cha mwisho kuna korido ndefu yenye michongo pande zote mbili, ambayo gemu inaiita Ukumbi wa Hadithi. Hakuna adui wa maana humo wala kisanduku cha kupora. Mchezaji mwenye haraka huikimbia tu. Lakini ni njia ya msafara: pana, imenyooka, na kila hatua inakusogeza mbele ya picha nyingine, kama watu wanaotembea taratibu nyuma ya maiti huku wakikumbushwa alikuwa nani. Mwisho wake kuna mlango wa duara tatu, na alama za kupanga ni dubu, nondo, bundi, kuanzia duara la nje kwenda la ndani. Ziko kwenye kiganja cha ukucha wenyewe. Ufungue katika orodha ya vitu vyako, uugeuze, utaziona.

Wengi wamelicheka fumbo hili: kufuli gani lina namba ya siri iliyoandikwa kwenye ufunguo? Maandishi yaliyomo katika gemu yana jibu, nalo ni zuri kuliko kicheko. Alama zile hazikuwekwa kumzuia mwizi. Ziliwekwa kuhakikisha anayefungua ni mtu hai mwenye akili timamu. Mlango unawazuia wa ndani wasitoke, maana waliomo, wafu hai wanaoitwa draugr, wana miguu na silaha lakini hawana tena akili ya kugeuza ukucha wakausoma. Ghafla mlango una mzikaji: kuna mtu alilaza wafu humo akijua wataamka, akafunga kwa kufuli ambalo watoto wake wangeweza kulifungua na wafu wasingeweza.

Na mienge nayo? Hili ndilo lalamiko kongwe kuliko yote. Mwenge huwaka nusu saa, pengine saa moja ukiwa umetengenezwa vizuri, na kaburi lina miaka maelfu. Skyrim ina jibu hapa pia, ingawa limefichwa katika kijitabu ambacho wengi hukiuza bila kukifungua. Ndani ya hadithi ya gemu, mwandishi wake ni Bernadette Bantien, mwanachuo aliyekaa makaburini akiwachunguza draugr. Anaeleza kwamba huamka kwa zamu, kila siku kundi jingine, hujikokota hadi kwenye jeneza la kuhani wao, husujudu kwa saa kadhaa, kisha husafisha eneo lote kwa uangalifu mkubwa. Ukishasoma hayo, mienge inayowaka na mitego inayofanya kazi havikusumbui tena. Kuna watunzaji. Hata mashoka yanayobembea mbele ya Ukumbi wa Hadithi yanapata maana: mnyororo wa kuyasimamisha uko upande wa ndani, upande wao.

Gemu nyingi haziweki jibu lolote na zinabaki kutegemea uungwana wa mchezaji. Kuna njia za kweli za kuangaza kaburi ambazo hazihitaji uungwana huo. Katakombu za Roma, makaburi ya korido za chini ya ardhi, zilikuwa na mashimo yaliyochimbwa kutoka juu, yakiteremsha hewa na mwanga. Nguzo moja ya mwanga inayoanguka katikati ya giza inaeleza zaidi kuliko mienge kumi: inaonyesha juu kuko wapi, ni saa ngapi ya mchana, na kwamba mahali hapa palichimbwa na watu waliotaka kurudi. Na kama lazima mwenge uwake, basi uache masizi. Dari iliyo juu ya makaburi yaliyozuriwa sana iwe nyeusi, na iliyo juu ya yaliyosahauliwa iwe safi. Mchezaji makini ataweza kusoma darini ni nani aliyependwa.

Tando za buibui ni kesi ndogo, lakini zinaudhi. Buibui hula wadudu, na wadudu hufuata hewa, popo na uozo. Tando zinatakiwa karibu na mdomo wa kaburi na penye nyufa. Chumba kilichofungwa kwa jiwe tangu siku ya maziko hakina tando, na hata vumbi lake ni kidogo, maana vumbi huletwa na hewa na miguu. Wabunifu hufanya kinyume: kadiri unavyozama ndani, tando zinazidi. Chumba cha ndani kabisa kikiwa safi kuliko njia uliyopita, kinatisha zaidi.

Turudi kwenye hesabu, safari hii ya idadi ya wafu. Mji wa kale wa watu 500, vifo vikiwa 30 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, unazika watu 15 kila mwaka. Kwa miaka 100 hao ni 1,500. Kaburi lenye majeneza 12 ya mawe haliwezi kuwa kaburi la mji. Ni la ukoo mmoja wenye mali, na gemu itueleze wengine walikwenda wapi. Ukitaka kuwalaza wote kwa mtindo wa Roma, kwenye mashubaka yaliyochongwa ukutani kwa urefu, safu nne kwenda juu, kila mita 2 za korido zinabeba watu wanane kwa pande zote mbili. Watu 1,500 wanadai mita 375 za korido. Hakuna mchezaji atakayetembea mita 375 za mashubaka yanayofanana bila kusinzia, na hakuna haja. Watu wa kweli walikutana na tatizo hilohilo la nafasi, wakalitatua: nyama ikishaoza, mifupa hukusanywa na kupangwa ghalani, shubaka likapata mgeni mpya. Ghala la mifupa ni matokeo ya hesabu hii. Liwekwe mwisho wa korido fupi, na njiani yaonekane mashubaka matupu yaliyofagiliwa, moja lina sanda ya juzi.

Ghala lenyewe nalo hukosewa. Chini ya Paris kuna mabaki ya watu zaidi ya milioni 6 katika machimbo ya zamani ya chokaa, yaliyoanza kuhamishiwa huko mwaka 1786 baada ya makaburi ya mjini kufurika. Kuta zile maarufu za mifupa ya mapaja na safu za mafuvu ni uso tu. Nyuma yake mifupa mingine imerundikwa bila mpango. Gemu huiga uso na kusahau rundo. Kila mtu ana fuvu 1, mifupa ya paja 2, na mifupa 206 kwa jumla. Ukuta wa mafuvu 300 matupu unauliza kiliko kiwiliwili cha watu 300. Bomoa pembe moja ya ukuta, rundo limwagike sakafuni, na swali limejibiwa bila neno hata moja.

Jambo jingine la Roma lingefaa kuibwa na kila mchora ramani. Mwamba wa huko ni laini unapochimbwa na hukomaa ukipigwa na hewa. Nafasi ilipokwisha, wachimbaji wangeweza kuishusha sakafu na kuongeza safu chini. Kwa hiyo katika korido kama hizo makaburi ya zamani zaidi yako juu, karibu na dari, na mapya yako miguuni. Gemu zimetuzoesha kwamba kushuka ni kurudi nyuma katika wakati. Hapa ni kinyume: unayemtafuta, babu wa ukoo, yuko juu ya kichwa chako, mahali ambapo huwezi kufika bila ngazi, na umempita mara tatu.

Sasa wezi. Gemu humpa mchezaji heshima ya kuwa wa kwanza kuingia, na historia haikubaliani nayo. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Novemba 1922, lilikuwa limekwisha vunjwa mara mbili zama za kale na kufungwa tena. Walioingia walipendelea mafuta ya thamani na vyuma vidogo, vitu vya kubebeka na visivyotambulika sokoni. Kumbukumbu za kesi za wezi wa makaburi chini ya Farao Ramesses IX zipo hadi leo. Maeshowe, kaburi la kale la mawe katika visiwa vya Orkney huko Uskoti, lilivunjwa katika karne ya 12 na watu wa Norse kutoka Skandinavia, walioacha maandishi kama 30 ya runi, herufi zao za kale, kwenye kuta, mengine yakizungumzia hazina. Waliingia kupitia darini. Mlango wenye fumbo haukuwahusu.

Kwa hiyo tundu darini, kamba iliyooza ikining'inia, mtungi wa mafuta uliokombwa na upanga mzito wa dhahabu ulioachwa kwa sababu ungemtia mtu kitanzini, vyote vinaaminika kuliko kisanduku ambacho hakijaguswa. Vinamfundisha mchezaji kitu pia: kilichobaki ni kile kisichobebeka, au kile ambacho waliotangulia walikiogopa.

Mitego inafuata mantiki hiyohiyo ya vitu. Kamba huoza penye unyevu, chuma huliwa na kutu, ubao uliopindwa hupoteza nguvu yake ya kufyatuka, sumu hukauka. Kinachodumu ni jiwe na uzito: bamba la granaiti linaloshuka, shimo, mchanga uliozuiwa. Wamisri walitegemea mawe ya kuziba njia. Mshale unaofyatuka baada ya miaka 1,000 unadai mtu wa kuupaka mafuta, au uchawi. Vyote viwili vinaruhusiwa katika fantasia, ila gemu ichague kimoja na ikionyeshe.

Kuhusu wafu wanaoamka, kila gemu ina sheria zake, na sheria nzuri ni ile inayotokana na namna walivyozikwa. Ya kawaida kabisa inatoka kwenye mwili: mifupa haina nyama ya kukatwa. Katika Diablo ya kwanza, ambayo sakafu zake 16 huanzia kwenye kanisa, zikapita katakombu na mapango hadi jehanamu, nne kwa kila eneo, rungu linawadhuru wafu hai nusu zaidi na upanga nusu pungufu. Dungeons & Dragons, gemu ya mezani, katika toleo la 5 hulipa pigo la rungu dhidi ya kiunzi cha mifupa mara mbili. Hiyo ni sheria ya bucha: inafaa, lakini haisemi chochote juu ya kaburi.

Dark Souls ya 2011 inasema zaidi. Katika Katakombu zake, kiunzi ukikivunja kinajiunga tena baada ya sekunde chache, mradi mchawi wa maiti anayekiinua yuko hai mahali fulani karibu. Kosa la kila mgeni ni kubaki anapigana na mifupa. Mpango sahihi ni kuipita mbio, kuutafuta mwanga wa taa ya mchawi, kumuua yeye kwanza, kisha kurudi. Akifa hafufuki tena, hata ukipumzika kwenye moto. Silaha iliyofuliwa kwa nguvu takatifu inakata mjadala: anayepigwa nayo harudi. Watu wengi hukosea wakaingia humo mwanzoni kabisa, kwa sababu njia inaanzia hatua chache tu kutoka Firelink Shrine, kituo cha mwanzo cha mchezaji, wakadhani gemu ndivyo ilivyo ngumu. Ubao wa onyo ni mifupa yenyewe inayokataa kufa.

Chini yake kuna Kaburi la Majitu, na hapo giza ni giza. Taa ya fuvu inashikwa mkononi, na mkono huo ndio ungeshika ngao. Unachagua kuona au kujikinga. Hakuna gemu iliyoeleza kwa ufupi zaidi kwa nini walio hai walizika wafu wao mbali namna ile.

Lakini kwa mazishi hasa, Morrowind ya 2002 bado haijapitwa. Makaburi yake ya mababu ni madogo, vyumba vichache, na kila mlango una jina la ukoo. Ndani mna mitungi ya majivu na mifupa, na walinzi ni jamaa za ukoo wenyewe. Mzimu wa babu haudhuriki kwa upanga wa kawaida: unahitaji silaha ya madini ya fedha, iliyorogwa, au uchawi. Mchezaji mpya mwenye upanga wa chuma anaupiga dakika nzima bila kuugusa. Mbaya zaidi ni bonewalker mkubwa, maiti inayotembea, ambaye laana yake inakula nguvu za mwili, na nguvu zikipungua uzito unaoweza kubeba unapungua nazo. Ghafla umesimama katikati ya kaburi la watu, mfuko umejaa vitu vyao, na miguu haisogei. Nguvu hazirudi kwa kulala. Unahitaji dawa, uchawi wa kuzirudisha, au madhabahu, na ili uifikie madhabahu itabidi utupe ulichoiba. Ni vigumu kubuni adhabu ya wizi wa kaburi iliyo safi kuliko hiyo, na huenda walioitunga hawakuikusudia. Halafu hadithi kuu ya gemu inakutuma uchukue fuvu la Llevule Andrano kwenye kaburi la ukoo wa Andrano, ulipe nalo habari. Hakuna anayekuzuia. Mlango una jina.

Elden Ring ya 2022 ina wazo kubwa na inalitumia kupita kiasi. Wafu huwekwa kwenye mizizi ya mti mkuu ili uwanywe, na ukiingia katakombu unaona mizizi imetoboa kuta na maiti zimeegemezwa humo. Mazishi yanasomeka bila maelezo. Ila muundo ni mmoja karibu kila mahali: mlango wa bosi, yaani adui mkuu wa kaburi, umefungwa, wenzo uko upande mwingine, vijimashetani vya mawe vimebandikwa juu ya fremu ya mlango vikingoja upite chini. Tazama juu kabla ya kuvuka kizingiti chochote, utaokoa nusu ya maisha yako. Mlinzi anayeitwa Watchdog, mbwa, ana sura ya paka, na ukimkuta mara ya tano mzaha umekwisha.

Kuchoka huko kuna chanzo cha kiufundi. Makaburi ya gemu hujengwa kwa seti za vipande: korido, kona, njia panda, mwisho, ukuta wa chumba, vyote vikiwa na vipimo vinavyoshikana kama matofali ya mtoto. Joel Burgess na Nathan Purkeypile wa Bethesda, kampuni iliyotengeneza Skyrim, waliieleza mbinu hii kwa kina kwenye GDC, mkutano wa watengeneza gemu, mwaka 2013, wakikiri pia kuwa mchezaji huanza kutambua vipande vilevile na kuchoka. Vipande vichache vizuri vinaweza kuzaa makaburi mengi. Gharama ni kwamba yote yatakuwa na mkono mmoja. Katakombu za Leyndell katika Elden Ring zinaugeuza udhaifu huo kuwa mtego: unashuka, unajikuta katika vyumba vilevile ulivyotoka, na tofauti ndogondogo ndizo zinazokuambia hujarudi mwanzo. Ujanja huo haufai kurudiwa. Njia ya kudumu ni kubadilisha mzikaji, si jiwe: vipande vilevile, lakini hapa walizika wakati wa tauni, kwa haraka, miili miwili katika shubaka moja na lipu imepigwa kwa vidole, pale walizika mfalme, na kila kiungo kimenyooka.

Imebaki njia ya kutokea. Kumrudisha mchezaji kilometa nzima kupitia maiti alizoziua ni adhabu isiyo na sababu, kwa hiyo gemu humwekea njia ya mkato: ukuta unasogea, anatokea ubavuni mwa mlima. Wapo wanaokejeli mlango wa nyuma kaburini, wakisema aliyezikwa hana pa kwenda. Lakini jiwe la kuziba likiangushwa kutoka ndani, aliyeliangusha alitoka vipi? Katika Piramidi Kuu ya Giza, Misri, kuna shimo jembamba linaloshuka kutoka mwanzo wa Ukumbi Mkuu hadi kwenye ujia wa chini, na wapo wataalamu wanaoona lilikuwa njia ya mafundi walioachilia mawe ya kuziba kisha wakahitaji kutoka. Chonga hilo nyuma ya chumba cha bosi. Upana wa mabega ya mtu mmoja, bila lipu, alama za patasi zikielekea nje, vishikizo vya mikono kila nusu mita, na chini kabisa, penye giza, kibuyu cha maji kilichoachwa na mtu wa mwisho kupanda.